Kwa Jafari, Ambaye Hakuwa na Ugonjwa wa Sukari

Mwaka umetimia, Jafari, tangu ile Jumatano ya Februari ulipotutoka mchana kweupe, ua umejaa watu na kila mmoja anataka kukuokoa. Leo tumekusomea hitima. Wali umepikwa, majirani wamekula, dua imeombwa. Limebaki tangazo hili, ambalo tumelibandika kwenye ukuta wa kibanda chako cha kazi ili kila apitaye asome. Ni refu, lakini atakayechoka akae chini, kivuli kipo.

Kalamu ameishika mdogo wako Fadhili. Maneno mengi ni ya dada yako mkubwa, Fatouma, ila mwenyewe amekataa aandikwe “mimi”. Alimwambia Fadhili, “Uniandike sawa vile unaandika mutu mwingine. Kama ni mimi nasema, nitajitetea.” Kwa hiyo tumemwandika kama mtu mwingine.

Kwanza tukukumbuke wewe. Vita vilipoyamaliza magari ya Kisangani, mji ulihamia kwenye baiskeli. Toleka, baiskeli ya kubebea abiria, ikawa teksi, ikawa lori, ikawa gari la wagonjwa. Wewe ulisema huna mapafu ya kuendesha toleka, basi ukakaa hapa mtaani Tshopo ukawashonea wenzako mito ya kukalia abiria: sifongo ya godoro kuukuu ndani, ngozi ya plastiki juu, misumari ya kichwa cha shaba pembeni. Ulikuwa ukijisifu kwamba nusu ya makalio ya mji huu yamepumzika juu ya kazi yako, na ulipenda kulisema hilo mbele ya mashehe ili mama akugombeze.

Wajawazito uliwashonea mto wao, mpana, wenye kishikio cha kamba. Ulimpa mwenye toleka bure, kwa kiapo kimoja tu, kwamba mama anayekwenda kujifungua hatalipishwa. Mpaka leo kuna mtoto mtaa wa Mangobo anaitwa Jafari, na wazazi wake ni Wakatoliki wa kila Jumapili.

Ulikuwa ukiimba kwa pua, misumari imo mdomoni. Kichwa cha samaki kilikuwa haki ya paka. Chai yako uliitaka tamu kupita kiasi, na sukari ikikosekana ulinuna kama mtoto. Hayo ndiyo tunayoyakumbuka tukiwa na furaha.

Halafu vikaja vita vya siku sita, Juni 2000, majeshi mawili ya wageni yakipigania mji usio wao. Siku ya nne maji yalituishia ndani, ukachukua bidoni ukatoka kuyateka. Kipande cha bomu kikakuingia kiunoni. Daktari alitoa alichoweza kutoa, vipande vingine akasema viachwe, vitatulia vyenyewe. Havikutulia. Mwezi wa nane ulikuwa bado unalia kwa kuuma meno, na mjini hapakuwa na dawa yoyote zaidi ya vidonge vya kichwa.

Ndipo mteja wako mmoja, miongoni mwa wale waliokuja na ndege kununua almasi, akakupa unga wa rangi ya udongo, mdogo tu, ndani ya karatasi. Akakuonyesha namna ya kuuchoma na kuvuta moshi wake. Siku ile ulilala mchana kutwa bila kulia. Mama yetu Nuru aliinua mikono akamwombea yule mtu kheri, na sisi sote tukasema amina. Hatukuuliza dawa ile inaitwaje. Tulikuja kulijua jina lake baadaye: heroini. Vijiweni wanasema poudre.

Maumivu ya kiuno yaliondoka, yakaja maumivu ya kuukosa unga, na haya yalikuwa makali zaidi. Asubuhi bila unga ulipiga miayo, pua na macho vinatiririka, vinyweleo vimesimama, tumbo linakukata, miguu inarusha mateke yenyewe. Ukiupata unatulia, unajikuna pua, kichwa kinashuka polepole mpaka kidevu kinagusa kifua, mkasi ungali mkononi. Mto mmoja ukawa kazi ya wiki nzima. Moshi ulipokuwa hautoshi tena, ukaanza kujichoma mshipani, na sindano moja mlikuwa mkiitumia watu watatu. Uliuza mkasi, ukauza cherehani, ukauza vitenge viwili vya mama alivyokuwa amevitunza tangu ndoa yake. Mama alipofungua sanduku na kulikuta tupu, alilifunga tena taratibu, akasema labda ni panya.

Hatuandiki haya ili kukuaibisha. Uliishi nayo, sisi tuliyaona, kisha tukajifanya hatujaona.

Sasa tufike kwa Fatouma. Siku moja jirani yetu Mama Pélagie, yule mjane anayepika lituma, ndizi za kupondwa, na kuiuza, alikuwa akifagia kichochoro kati ya ua wake na wetu. Akaokota sindano. Akaja nayo juu ya kipande cha jani, akamkuta Fatouma anafua nguo.

“Fatouma, nani iko anajichoma sindano hapa?”

Fatouma alipata muda wa kuvuta pumzi moja tu. Alimfikiria mama. Aliifikiria baraza ya wanaume mbele ya msikiti. Alimfikiria baba, Mungu amrehemu, aliyetufundisha kwamba Muislamu humsitiri ndugu yake. Akasema:

“Ni Jafari. Iko na sukari.”

Lilikuwa jibu zuri, na alijipongeza moyoni. Sukari ni ugonjwa wa heshima, wanaugua mahaji na wakubwa wa serikali. Unaeleza sindano, unaeleza kukonda, unaeleza jasho. Alichosahau ni kwamba mume wa Mama Pélagie, marehemu Sébastien, alikufa kwa ugonjwa huohuo. Mama Pélagie aliweka jani chini, akamkumbatia Fatouma na povu lake la sabuni, akalia.

Tangu siku ile ukawa mgonjwa wake, Jafari. Alikuletea mboga chungu. Alikukataza ndizi zilizoiva. Wewe mpenda utamu ukawa unajificha nyuma ya choo kunywa chai yako, na siku alipokukuta na kikombe alikupokonya mkononi. Tulicheka sana siku ile, na wewe ulicheka. Sukari ilikuwa adimu, inakuja kwa ndege, inauzwa kwa kijiko. Yeye aliweka akiba yake kwenye kopo, akaliandika jina lako kwa mkaa, akamwita Fatouma kumfundisha.

“Akitoka jasho, akianza kupotea, musingoje dokta. Maji ya sukari kwanza. Bwana yangu nilimurudisha hivyo mara ine.”

Fatouma aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Na siku moja ulipokuwa umekosa unga, unatetemeka, jasho linakutoka, Mama Pélagie alikuja mbio na kopo lake. Ulikunywa. Ulimwambia, “Asante mama, sasa niko najisikia muzuri.” Hata wewe ulisaidia kuujenga ule uongo, na tunadhani ulifanya hivyo kwa sababu hukutaka kumvunja moyo.

Baada ya Idi, Desemba 2001, tulikushusha mtoni kwa mtumbwi mpaka Yanonge kwa mjomba wetu, tonton Nassoro. Majirani tuliwaambia umefuata dawa ya miti. Tonton anasema siku kumi za kwanza ulimtukana kwa lugha tatu. Alikushika, akakuogesha, akakulisha uji, akakesha nawe. Wiki ya saba ulirudi na mashavu, unatembea wima, umeleta samaki wa moshi kwa mama. Mama Pélagie alipiga vigelegele: “Sukari imeshuka!” Tukaitikia vigelegele vyake.

Kuna jambo hatukulijua, wala tonton hakulijua. Mwili uliopumzika haubebi tena kipimo cha zamani. Mwenye kuacha, akirudia siku moja tu kwa kiasi kilekile alichokizoea, unga unamzima pumzi. Vijana wa toleka mnaosoma hapa, sahauni yote mengine, hili mlishike. Na mwenzenu akizimika, semeni alichojichoma, na mkimbilie msaada kabla ya kukimbilia aibu.

Ilikuwa siku ya nane tangu urudi. Nani alikupa unga, hatujui, na hatutamtaja mtu kwa kukisia. Fatouma alikuwa sokoni, mama ameenda kumwona mgonjwa. Ilikuwa Jumatano ya Majivu kwa Wakatoliki. Mama Pélagie alitoka misa, msalaba wa majivu ungali kwenye paji la uso, akapita hapa kibandani kukusalimia. Alikukuta umelala ubavu juu ya sifongo, midomo imegeuka rangi, unakoroma kwa mbali sana, jasho baridi usoni, sindano kando yako.

Alijua la kufanya. Katika Kisangani nzima hapakuwa na mtu aliyejiandaa kukuokoa kuliko yeye. Alikimbia kuleta kopo, akakoroga maji, akakuinua kichwa, akakutia mdomoni kijiko baada ya kijiko, huku akipiga kelele watu waje.

Fatouma alifika kwa toleka. Aliiona midomo, akaiona sindano, akajua kabla hajashuka. Uani palikuwa na watu kama kumi na watano, na miongoni mwao wazee wawili wa msikiti.

Mama Pélagie aliinua uso. “Nimemupatia, Fatouma, lakini hamezi. Nimupatie ingine?”

Fatouma aliwatazama wale wazee. Akasema, “Mupatie.”

Neno hilo moja ndilo analoamka nalo kila siku. Anasema alikuwa na ulimi, alikuwa na akili, hakuna aliyemshika koo. Angeweza kusema acha. Alisema mupatie.

Walikupakia kwenye toleka, mmoja anaendesha, mmoja anakushika mgongo, mpaka zahanati ya karibu. Muuguzi Wenceslas alikufungua jicho kwa kidole, akamgeukia Fatouma, akamwita yaya, yaani dada mkubwa.

“Amejichoma nini? Sema kweli, yaya. Wakati hakuna.”

Wale wazee wawili walikuwa wamefuata, wamesimama mlangoni. Fatouma akasema, “Ni sukari yake.” Wenceslas alimwamini, kwa kuwa dada hadanganyi mbele ya pumzi ya mdogo wake. Akatundika chupa ya maji ya glukosi. Ulikata roho kabla chupa haijafika nusu, na alasiri tulikuzika.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi kifo chenyewe hakikutuumbua. Tulikivalisha ile nguo tuliyoivalisha maradhi, tukapokea rambirambi.

Hata wiki haijaisha, mtaa ukaanza kusema. Kwanza walisema Mama Pélagie alikuzamisha kwa maji yake. Kisha yakaja mengine mabaya zaidi: mjane, majivu usoni, kopo lenye jina la mtu kwa mkaa, nani anajua alitia nini mle? Lituma yake ikaanza kubaki sufuriani. Wanawake waliokuwa wakinunua kwake tangu siku za Sébastien wakawa wanapita upande wa pili wa njia. Fatouma aliyasikia yote sokoni. Aliendelea kupanga nyanya zake mafungu mafungu.

Siku ya arbaini yako Mama Pélagie alikuja. Hakuna aliyempisha mkekani. Alipita katikati ya watu akapiga magoti mbele ya Fatouma, mtu anayeweza kuwa binti yake.

“Nilitiaka vijiko tano. Bwana yangu nilikuwa namupatia mbili. Niliogopa, Fatouma, nikatia mingi. Ni mimi nilimuua. Unisamehe.”

Fatouma akamshika mabega, akamwinua, akasema, “Nimekusamehe, mama.”

Alimsamehe mtu ambaye hakukosa, na waliokuwepo wakamsifu kwa moyo wake mwema. Jafari, tumefanya mabaya mengine katika nyumba hii, lakini kama hilo hatukumbuki.

Baada ya hapo Fatouma hakuweza tena kula chochote kilichotoka mikononi mwa Mama Pélagie, na mtaa ukalichukua hilo kuwa ushahidi. Akakonda. Mwezi wa tisa alimtafuta Wenceslas, akamweleza ukweli wote wakiwa wamesimama nje ya zahanati, akamuuliza kama angesema siku ile ingekuwaje.

Wenceslas akamjibu: “Dawa yenyewe ya kuamsha mutu, hatukuwa nayo. Lakini tungemupumulia. Na mpira, hata na mdomo. Batu wanaponaka hivyo.”

“Angepona?”

“Sijui, yaya. Peut-être.”

Alikuwa ameenda kutafuta hapana. Alirudi na peut-être, yaani labda, na analo mpaka leo. Hata hivyo aliendelea kunyamaza miezi mitano, hilo nalo amesema liandikwe.

Wiki iliyopita alimwona Mama Pélagie anafunga masufuria yake kwa kamba. Anahamia Isangi kwa kaka yake, kwa boti ya Ijumaa hii. Fatouma alimuuliza kwa nini, kana kwamba hajui.

“Chakula yangu inaoza, Fatouma. Batu wanaogopa mukono yangu. Hata mimi naiogopa.”

Usiku haukupita. Jua lilikuwa bado juu Fatouma alipotuita sote, mama, Fadhili na tonton aliyekuwa amepanda mto kuja kwa ajili ya hitima, akasema anataka iandikwe kweli na ibandikwe ukutani. Mama alipinga.

“Unataka kumuzika mutoto wangu mara ya pili?”

“Mama, tulimuzika Pélagie. Na iko muzima.”

Mama alikaa na tasbihi yake bila kuihesabu. Alilia kwanza. Kisha akasema yeye ndiye aliyemwombea kheri mwenye unga, na yeye ndiye aliyesema panya, basi hayo nayo yaandikwe, yasiachwe yote juu ya Fatouma. Yameandikwa, kama mnavyoona.

Jana mchana Fatouma alikwenda kwa Mama Pélagie na karatasi hizi, akaomba kumsomea kabla ya mtu mwingine yeyote. Mama Pélagie alikuwa amekaa juu ya mzigo wake. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Hakukuwa na sukari?”

“Hakukuwa, mama.”

“Na siku ya arbaini, wakati nilipiga magoti, ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

Aliitazama mikono yake, mmoja kisha mwingine, kwa muda mrefu. Fatouma alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Hakupewa. Alipoanza kuomba msamaha, Mama Pélagie alimzuia.

“Bon. Usiandike kama nimesamehe. Sijasamehe. Andika kama mutoto ule nilimupenda, na uniweke na batu ya nyumba.”

Kama atapanda boti kesho, hatujui. Masufuria yake tumeyaona bado yamefungwa. Mwenye kusoma hapa ambaye aliwahi kupita upande wa pili wa njia, nyumba ya Mama Pélagie anaijua.

Wanaokukumbuka ni mama yako Nuru. Dada yako Fatouma, aliyejua akanyamaza. Mdogo wako Fadhili. Tonton Nassoro wa Yanonge. Wenye toleka wote wanaokalia mito yako. Na mama yako Pélagie, aliyekupa sukari yake yote, na ambaye hakukuua.

Utakuwa nasi siku zote tulizobakiza, Jafari, na atakayetuuliza ulikufa kwa nini, tutamjibu.